Mashavu ya Dada

Dada yangu alipoanza kunenepa, sokoni Kashaulili walimshangilia. Kabla ya hapo alikuwa amekonda kwa mawazo baada ya kuachika, na mji wetu ukimwona mtu amekonda haumuulizi amekula nini, unamtafutia ugonjwa. Wateja wa mchele wake wakahamia meza za jirani. Sasa mashavu yakajaa, uso ukawa mviringo, wateja wakarudi. Mama alimsifia hata kwa watu asiowajua. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Dada, umependeza."

Hatukujua kwamba alikuwa anameza vidonge vya kunenepesha, anavyouziwa na mwanamke mmoja palepale sokoni, vimefungwa kwenye karatasi bila jina.

Kilichonichanganya ni mguu wake. Alichomwa na mwiba shambani kwetu Kasokola, kidonda kidogo tu. Hakikuvimba, hakikutoa usaha, wala hakikupona. Wiki zikapita kikiwa vilevile, na mwenyewe anazidi kung'aa. Mtu mnene hivi anashindwaje na mwiba? Mama alipovikuta vile vidonge chini ya godoro, hakuuliza. Alivitumbukiza chooni, akasema, "Nyie watoto mtaniua."

Siku chache baadaye aliyetaka kufa ni dada. Alitapika, akaishiwa nguvu, akaanguka sebuleni kwetu Ilembo. Nilidhani ni sumu ya vidonge inamtoka. Hospitalini, daktari alitusikiliza kwa makini habari za vile vidonge na jinsi vilivyotupwa, kisha akaagiza apigwe sindano haraka. Nikauliza ni sindano ya nini.

"Dawa ya ukoo mmoja na alizokuwa anakunywa," akasema.

Jamani, nilitaka kumkunja shati. Tumemtoa mgonjwa motoni, yeye anamrudisha!

Dada alipoanza kufumbua macho, daktari akatueleza taratibu. Juu ya figo kuna tezi mbili zinazotengeneza homoni, na mtu akiikosa hasimami. Dada alipoijaza mwilini kwa vidonge, tezi zake zikaona hazina kazi, zikalala. Mama alipovitupa ghafla, hazikuamka kwa wakati.

"Na kidonda?" nikauliza.

"Chembe za kinga zinaanza zikiwa changa, zinapita kwenye mafunzo kwanza. Homoni hii ikiwa kwa kiasi, inasaidia kuchuja zinazofaa. Ikizidi, inafyeka hata nzuri kabla hazijakomaa, na zilizokomaa zinazubaa. Kidonda hakikuvimba kwa sababu hakuna aliyekwenda kupigana."

"Kwa hiyo inafundisha au inaua?"

"Vyote viwili."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa. Mama naye alikuwa na lake. "Dokta, angekufa kwa kumeza, au nilikuwa namuua mimi kwa kutupa?"

"Mama, mshukuru Mungu mmemleta," daktari akajibu, na mama akalia, maana hilo halikuwa jibu.

Dada aliruhusiwa na vidonge vingine, vya kupunguza kidogo kidogo kwa miezi, mpaka tezi zizoee kazi yake tena. Kila dozi iliposhuka, na mashavu yalishuka. Kidonda kikajifunga. Nyumbani tulimtazama anavyokonda tukafurahi, na mimi furaha hiyo ilinitisha, kwa sababu macho yangu yalikuwa bado yanaona mgonjwa.

Aliporudi sokoni, mimi na mama tulimsindikiza. Mteja wake wa zamani alisimama, akamwangalia juu mpaka chini, akamgeukia mama. "Pole, mama. Mwanao kaisha."

"Tunashukuru," mama akasema kwa fahari. "Na bado atapungua."

Yule mteja akashika kanga yake, akaenda kununua mchele meza ya pili. Mama alicheka. Dada hakucheka. Alisawazisha mchele wake kwa kiganja, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule mwanamke wa vidonge bado anauzia hapa.

Nikamwambia kahama. Asubuhi hiyohiyo mwanamke huyo alikuwa amenisalimia.