Mgeni Aliyelala Kitanda cha Lorne

Kaka yangu Lorne alianza kuteleza kwenye barafu kabla hajajua kufunga kamba za viatu vyake. Baba alimfungia yeye kwanza, kisha mimi, na mimi ndiye niliyefika wa kwanza ng'ambo ya bwawa la ng'ombe likishaganda. Lakini pale Stavky, Saskatchewan, miaka hiyo ya sabini, msichana mwenye kasi alinunuliwa viatu vyeupe vya kuchezea dansi barafuni, na mvulana mzito akanunuliwa fimbo ya hoki. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba katika ukoo wa Pawlyshyn wivu haukuanzia kwa Lorne.

Hata hivyo alikuwa mchezaji, simnyimi haki yake. Alikuwa mzito wa kugeuka, ndiyo, ila akishajisimika mbele ya goli la watu hakuna wa kumng'oa. Alipanda madaraja yote ya watoto, kutoka jezi zilizomfika magotini hadi zile zilizombana mabega. Kila Jumamosi alfajiri Mama alimkaangia pirohi za jana, vile vifuko vya unga vyenye viazi ndani, kwa kitunguu, akampeleka uwanjani katika baridi inayogandisha kope. Kichwani mwa Lorne kulikuwa na kitu kimoja tu: timu ya vijana ya mji. Hiyo ndiyo timu iliyojaza uwanja hadi padri akafupisha ibada ya jioni, naye akionekana jukwaani kabla ya wengi wetu.

Timu hiyo ilileta pia vijana kutoka mbali, na desturi ni kwamba familia za mji huwapokea, zikawalisha na kuwalea hadi msimu uishe. Kupewa kijana ni heshima. Mwaka wa mchujo wa Lorne, Mama alikwenda klabu kutoa jina letu hata ngano haijavunwa. Hesabu yake ilikuwa rahisi: Lorne ataingia timuni, basi bora alale nyumba moja na mwenzake, waende mazoezini pamoja.

"Tillie, si usubiri kwanza mtoto achaguliwe?" Baba alimwambia.

"Wasipomchagua Lorne wamchague nani? Wewe na kitambi chako?"

Wakamchagua Garth Ellingsen. Ilibaki nafasi moja ya mshambuliaji na watu wawili wa kuigombea. Kocha akamwita Lorne pembeni, akamshukuru kwa kuja. Jioni ileile gari la klabu lilimteremsha Garth mlangoni kwetu na begi lake. Neno la Mama lilikuwa limeshatoka, na kwetu haijapata kuonekana mtu akimrudisha kijana aliyeahidiwa kitanda. Tena klabu ilitaka mgeni awe na chumba chake, kwa hiyo Lorne akahamishiwa chini ya nyumba, kando ya friji kubwa ya nyama ya paa. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wa kwetu alikuja, mwenyeji akaugua.

"Pirohi zako tamu hadi naona aibu kuongeza, Mama Tillie," Garth alisema mezani usiku wa kwanza.

"Kula, mwanangu, aibu ya nini? Kwenu hawakulishi?"

"Mama alifariki nikiwa mdogo. Baba yuko mgodini. Tukipika, tumepika mayai."

Basi, mambo yakaishia hapo. Mama aliijaza sahani yake mpaka krimu ikamwagika mezani. Lorne akaomba naye apewe krimu.

"Si hiyo mbele yako? Mkono huna?" Mama akamwambia, wala hakumtazama.

Kaka yangu akalivuta bakuli, akajipakulia.

Akaenda kuchezea timu ya daraja la chini ya mji wa jirani. Mechi zake zilikuwa Ijumaa, na za Garth Ijumaa. Mama alikwenda za Garth. "Mtoto wa watu hana mtu," alisema, "wewe una baba yako." Baba alikwenda, akasinzia. Lorne alipofunga bao alitazama jukwaani na kumwona Baba kidevu kifuani. Akirudi nyumbani alikuta Mama anasimulia jikoni jinsi Garth alivyowapangua mabeki, huku anatumia mikono yote na chumvi iko mkononi. Kijicho kilimla Lorne waziwazi. Aliniambia siku moja, bila kupepesa, kwamba anamwombea Garth avunjike mguu, na si mfupa mdogo.

Mguu haukuvunjika. Garth aliondoka akacheza chuoni, kisha mashariki katika timu za mishahara midogo, nasi tukapumua. Lorne akaingia timu ya wakubwa ya Stavky, ile ya wakulima na mafundi magari ambayo haimlipi mtu kitu zaidi ya bia. Akawa nahodha. Akaoa, akazaa, akalima shamba la Baba, na kila Ijumaa Mama alikaa safu ya mbele kumpigia kelele yeye peke yake. Hiyo ndiyo miaka aliyonenepa kaka yangu kwa furaha.

Kisha Garth akarudi. Hakuwa ameoa. Alisema miji yote aliyopita hakuna uliomkaa moyoni kama wetu, akapata kazi kwenye ghala la ngano, akaomba jezi. Kocha, kwa akili zake, akawapanga safu moja. Lorne hakumpa kisahani, kile kinachopigwa kwa fimbo badala ya mpira, hata kwa bahati mbaya.

"Bwana Lorne, nilikuwa wazi! Goli tupu!" Garth alilalamika chumba cha kubadilishia.

"Sikukuona."

"Na jezi nyekundu hii?"

"Alikuona, Garth," mlinda mlango akadakia. "Anakuona tangu ulipolala kitanda chake."

Mume wangu, aliyekuwemo, anasema walicheka hadi mtu akaangusha meno yake ya bandia. Lorne alikuwa anafungua kamba, akaendelea kufungua.

Kila Jumapili Garth alikula kwa Mama. Nikamwambia Lorne, "Mtu mzima una watoto, unamwonea gere mtu kwa bakuli la supu?"

"Wewe hujui, Darka."

"Mimi sijui? Mimi niliyeutazama mchezo wote huu kwenye dirisha la jiko la uwanja, nakaanga viazi, na wote nyie nilikuwa nawaacha nyuma kwa mguu mmoja?"



Magoti yao yalichoka mwaka uleule mmoja. Kwetu mchezaji anayestaafu huagwa kabla ya mechi ya mwisho ya nyumbani: wanatandika zulia jekundu juu ya barafu, anaitwa jina, anatembea hadi katikati akiwa ameshikwa mkono na mama yake, kwa kuwa ndiye aliyemwamsha alfajiri zote zile. Mama alikuja kwa Lorne wiki hiyo, amevaa koti lake zuri kama anakwenda kuomba kazi.

"Nilikuwa nafikiri," akasema, "nitembee katikati yenu. Wewe huku, Garth huku. Mikono ninayo miwili."

"Mikono unayo miwili, Mama. Mimi ni mwanao mmoja."

"Lorne, mwenzio hana mtu."

"Hilo nalisikia tangu nina miaka kumi na saba. Mara hii moja, uwe wangu."

Mama akafunga vifungo vya koti hadi juu. "Haya, baba," akasema. "Nitakuwa wako."

Ijumaa nilisimama kwenye dirisha langu la viazi. Waliitwa kwa alfabeti kinyume, Pawlyshyn kwanza. Lorne akatoka na Mama mkononi, kifua mbele, na watu wakampigia makofi mazuri, makofi ya mtu wanayemfahamu. Wakafika katikati, wakageuka. Sijapata kumwona kaka yangu ametosheka namna ile.

Likaitwa jina la Garth. Alitoka peke yake, mikono imening'inia, hajui aiweke wapi. Alipofika nusu ya zulia uwanja mzima ulikuwa umesimama: wakulima, padri, watu wa timu pinzani wakigonga fimbo zao kwenye barafu. Sikumbuki kelele kama zile.

Na Mama, aliyeahidi, alijaribu. Nilimwona anajaribu. Kisha akauchomoa mkono wake kwenye kiwiko cha Lorne, maana alihitaji yote miwili, akaanza kupiga makofi huku analia. Lorne alibaki pale katikati ya barafu, kiwiko bado amekikunja.