Kimea Kilichobaki Stoo

Miezi saba baada ya kumzika mumewe, mpishi wa shule alikuwa bado hajagusa kitasa cha stoo ya uani. Kila siku alipita mbele yake kwenda kuanika nguo, akaipa mgongo kama mtu aliyenuniana na jirani. Halafu Jumamosi moja asubuhi akaona vinyesi vya panya kizingitini, akajua kwamba asipoingia yeye, wenzake wameshaingia.

Marehemu alikuwa fundi bomba siku za kazi na mpika pombe siku za Jumamosi. Hakuuza hata kikombe. Alikunywa yeye, mdogo wake, na majirani wachache waliojua kubisha hodi kwa adabu. Vitu vyake vyote vilikuwa mle ndani: kimea cha shayiri kwenye ndoo zenye mifuniko, maua makavu ya kutia uchungu kwenye makopo ya maziwa, na hamira kwenye kijifriji ambacho mlango wake ulifungwa kwa kamba. Panya hawakuwa wamepata kitu. Walitafuna ufagio, wakaondoka.

Mpishi alisimama katikati ya stoo akiwa amejifunga kanga kiunoni, na nia yake ilikuwa moja: hakitatupwa kitu. Mtu aliyelisha watoto mia nne kwa miaka ishirini na sita hana mkono wa kutupa. Mumewe naye alikuwa hivyohivyo. Kila akipika alibakiza konzi ya hiki, nusu pakiti ya kile, na mwisho wa mwaka aliyakusanya mabaki yote akapika pombe moja. Aliiita Yatima, kwa sababu, alisema, haijulikani mama wala baba. Haikuwahi kufanana miaka miwili. Mpishi hakuwa mnywaji, lakini kikombe kimoja cha Yatima hakikumpita. Sasa alitaka kuipika mara ya mwisho, kwa vitu alivyoviacha mwenyewe, aionje, kisha afunge ile stoo akiwa na moyo mtulivu.

Akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, kinyozi wa pale kona, aliyekuwa akipika na kaka yake tangu ujana. Alisema anakuja sasa hivi, akaja baada ya saa mbili, na alipofika akabaki mlangoni.

“Ingia, shemeji. Au unaogopa panya?”

“Nakuogopa wewe. Ukijifunga kanga hivyo lazima mtu afanyishwe kazi.”

Akaingia, lakini hakukaa kwenye kiti cha kaka yake kilichokuwa ukutani. Aligeuza ndoo tupu akakalia hiyo. Mpishi akamweleza shabaha yake. Kinyozi alikuna kichwa, akasema kimea si mchele, punje zake zikishavunjwa hakikai sana, na hiki chote kimeshavunjwa. Mpishi akamwambia asimfundishe kuhusu nafaka. Basi kinyozi akafungua ndoo ya kwanza, akampa punje chache kiganjani.

“Tafuna. Kinasemaje?”

Mpishi akatafuna taratibu. “Hakisemi kitu. Kama natafuna boksi la viatu.”

“Kikiwa bado kizuri kinalia kwatu mdomoni, halafu utamu unakuja nyuma. Hicho kimekwenda.”

Wakajaribu ndoo ya pili, ya tatu, na ya nne. Zote boksi la viatu. Maua nayo yalikuwa yamegeuka rangi ya tumbaku na kunuka kama soksi. Ikabaki hamira. Mpishi akaleta kikombe cha maji ya uvuguvugu na kijiko cha sukari, akainyunyiza juu, akakiweka juani kwenye ngazi ya mlango. Ikitoa povu, alisema, watatafuta kimea kingine. Angalau kitu kimoja cha marehemu kitakuwa hai.

Wakati wa kungoja akaanza kupanga makopo. Kila kopo na kila ndoo ilikuwa na kipande cha utepe wa mabomba, na juu yake mwandiko wa mumewe: tarehe aliyofungua. Alisoma moja, akasoma ya pili. Akarudi kwenye ndoo, akazizungusha zote hadi maandishi yakamtazama. Alipomaliza alikaa chini sakafuni.

Hakuna kilichofunguliwa katika miaka miwili ya mwisho ya uhai wake. Hata kimoja. Na katika miaka hiyo miwili hakuna Jumamosi ambayo mumewe hakuingia mle stoo baada ya chakula cha mchana, akafunga mlango, akatoka jioni.

Akakumbuka na sufuria. Mumewe aliichukua jikoni kwake, ile kubwa, kupikia pombe, na miaka yote ilirudi inanata wakagombana. Halafu ikaanza kurudi safi, inang'aa. Mpishi alijisifu kwa wenzake kazini kwamba mume ukimsema miaka ishirini hatimaye anajua kuosha sufuria.

“Shemeji,” alisema bila kuinua macho, “alikuwa anapika nini humu?”

Kinyozi alitazama kile kikombe kwenye ngazi. Maji yalikuwa yametulia kama alivyoyaacha.

“Alikuwa anakaa,” akasema. “Tumbo lilikuwa linamshika. Jumamosi wewe uko nyumbani, asingeweza kulificha kutwa nzima. Anakuja hapa, anajikunja kwenye kiti mpaka lipite.”

“Na Yatima ya mwaka juzi? Ya mwaka jana?”

“Nilipika mimi kwangu. Nikaileta kwenye dumu, kwa mlango wa nyuma.”

“Nilimwambia imeshinda za miaka yote.”

“Aliniambia. Tulicheka sana.” Kinyozi alijaribu kutabasamu, uso ukakataa. “Aliniapisha, shemeji. Alisema ukijua utaacha kula, utaacha na kazi. Alisema atakwambia mwenyewe akipata nafuu.”

Mpishi hakulia, wala hakumtukana, ingawa kinyozi alikuwa amejiandaa kwa yote mawili. Alisema tu kwamba asingemuuliza mumewe lolote. Angekaa mle naye. Kuna nafasi ya kiti cha pili, alisema, akaipima kwa mikono kati ya ukuta na zile ndoo, kama mtu anayepima meza.

Kisha akainuka. Maji ya hamira aliyamwaga chini ya mchicha, na maua akayafukia papo hapo. Kinyozi akasema kimea atakibeba yeye akakitupe jalalani, kama hisani. Mpishi akamwambia akamate ndoo upande mmoja na asizungumzie jalala. Safari nne, ndoo mojamoja, walikipeleka hadi kwa jirani anayefuga kuku. Jirani akasema karibuni, kuku hawachagui.

Walichagua. Walidonoa, wakageuza shingo, wakaenda zao. Kisha mmoja akarudi, na mwingine. Kinyozi alifuta mikono akasema basi, shemeji, tumemaliza, twende, jua kali. Mpishi alikuwa ameshika waya wa banda kwa mikono miwili. Akamwambia atangulie. Yeye alibaki pale mpaka adhuhuri ikapita, anawatazama, na kila punje waliyoiruka aliiinamia akaisogeza kwa kijiti karibu na midomo yao.