Kongosho la Bibi na Kisu cha Baba Mdogo

Bibi alipokutwa na uvimbe kwenye mkia wa kongosho, daktari wa hospitali kubwa ya mbali alitupa njia mbili: kumfungua tumbo, au kumtoboa matundu manne na kupitisha kamera. Mgonjwa wa matundu, alisema, kwa kawaida hupoteza damu kidogo na huinuka kitandani mapema. Ila maji makali ya kongosho yanaweza kuvuja kwa njia yoyote ile. Mkaamue.

Baba alitaka matundu. Baba mdogo, muuza nyama wa Mtendeni, alicheka mpaka akakohoa.

"Kaka, miaka yote hii napasua matumbo. Kitu hakitoki bila mkono kuingia!"

Jumapili baada ya misa akaleta beberu uani, atufundishe. Akamchinja, akamtoboa kitundu, akaingiza vidole viwili huku amefumba macho. Akararua bandama. Damu nyeusi ikamtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Mnaona? Mama ndiye huyu!"

Baba akamtandika kigoda cha mdomo. Jino likadondoka kwenye utumbo. Wakakabana, wakabiringika kwenye damu na mavi ya mbuzi, mimi natangaza kama mpira: "Baba mdogo anamiliki, anaingia kwenye boksi..." Kisu kikainuka. Nikasahau kutangaza. Mama aliuvuta chini mkono wa Baba mdogo, akaukanyaga mpaka ukaachia kisu.

"Mume wangu!" Bibi akaita kutoka mkekani. Ndiye mimi, kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake, utani wa tangu na tangu. "Wanangu wanauana. Wewe unasemaje?"

Nilikuwa na vichekesho vitatu mdomoni. Vyote vikakauka.

"Matundu. Ila wakikwama, wafungue."

"Basi. Mume wangu ameamua."

Ndivyo alivyomwambia daktari. Walianza na matundu, damu ikagoma kukatika, wakafungua. Sisi tuko benchi nje. Baba mdogo na pengo lake hakusema "niliwaambia". Alilia kamasi, Baba akampa leso, yeye akaichafua yote.

Wodini, uvimbe umeshatolewa, nilipoogopa kumtazama, Bibi alinivuta sikio.

"Nimefanyiwa zote mbili. Nikulinganishie?"

"Nilinganishie, mke wangu."

"Matundu hata siyasikii. Huu mshono unanichana nikicheka. Kwa hiyo ukifungua hilo domo, nakuua."

Kwenye basi la kurudi, Bibi ubavuni pangu, nilinyamaza mpaka Igunga.