Fungo wa Barking

Asubuhi ile niliondoka Hounslow na begi moja, bila mpango. Mwenzangu wa chumba alikuwa amemleta mkewe, na hata bila hivyo miguu ilikuwa imeshaanza kuniwasha kwa hamu ya kuhama. Tangu niache shule sijapazoea mahali popote. Nilishuka Barking, upande wa pili wa jiji hili la Waingereza, kwa sababu tu treni iliishia hapo.

Mhindi mwenye duka la vyakula, mzaliwa wa Mombasa, alinielekeza kwa mama wa Tanga anayepangisha chumba. Mama alinifungulia akiwa ndani ya sare ya kazi, akavitazama viatu vyangu vilivyolowa.

"Chumba kipo, kaka, ila natafuta mwanamke. Nikiwa shifti mama yangu hubaki peke yake, na kichwa chake hakijatulia. Samahani."

Niliomba nisubiri mvua ikatike. Sikuwa na kwingine pa kulala.

Sebuleni bibi alikuwa mbele ya televisheni, kajifunika khanga hadi kidevuni. Ilikuwa katuni ya zamani, ya zile zilizokuwa zikionyeshwa kabla ya filamu yenyewe kwenye majumba ya sinema. Mnyama wa kijivu, macho kayazungushia weusi kama jambazi, alikuwa akiiba mkate mfukoni mwa mlinzi aliyesinzia. Hakuna aliyecheka.

"Mnyama gani yule?" bibi aliuliza.

"Rakuni, mama. Nimeshakwambia."

"Hilo si jina. Kwetu anaitwaje?"

Binti yake alitikisa kichwa. Mimi ambaye huuliza jina la kila kitu, hilo nami sikulijua. Nikabahatisha.

"Fungo, bibi."

"Fungo!" Akanigeukia. "Mwanaharamu huyo! Kanimalizia kuku! Mume wangu kamvizia na rungu, gizani akampiga jogoo!"

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akatazama mlangoni. "Yuko wapi mume wangu?"

Mlinzi wa katuni alikuwa akikimbizwa na mbwa wake mwenyewe.

"Hajacheka tangu tumzike baba," binti alininong'oneza. Akatoa ufunguo wa chumba, akanipa. "Koti lake lililo nyuma ya mlango usiliondoe."

Chumba kilikuwa baridi, kinanuka dawa ya kuchua. Koti lilining'inia, mifuko imetuna kama vile mikono ingali ndani. Niliweka begi chini bila kulifungua.

"Fungo kaondoka?" nilimsikia bibi akiniulizia.

"Yupo, mama," binti alijibu. "Leo yupo."