Ganda la pai nililomlisha mama mkwe wangu kila Ijumaa

Assalam aleikum, na kwa ndugu zangu Wakristo, Bwana asifiwe. Hamjambo huko mliko? Watoto na wagonjwa wenu wanaendeleaje? Mimi mwili mzima, roho ndiyo mgonjwa. Admin, jina langu usilitoe, hapa Kigoma tunajuana.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, nimeolewa, naishi Gungu. Shule niliishia la saba, mtanivumilia nikikosea. Ukoo wetu una Waislamu na Wakristo, asili yetu ng'ambo ya ziwa, na hatujawahi kugombana kwa dini. Binti wa kaka yangu, nimwite Neema, ni Mkristo. Alipata kazi kwenye mgahawa wa wazee wawili Waingereza hapa mjini, wanapika chakula cha kwao na kuoka mikate. Mshahara wake wa kwanza akasema, "Shangazi, leo nakutoa mimi."

Tulikaa mezani nikaona mambo. Samaki wetu huyuhuyu wa ziwani kavikwa koti nene la unga. Njegere zimepondwapondwa kama chakula cha mtoto anayeota meno. Chai ndio usiseme, wanaimwagia maziwa ya baridi juu, hayajachemka! Nikanywa nimefumba macho. Halafu ikaja pai, mkate umefunika juu na chini, katikati nyama. Kabla sijagusa nikamuuliza mhudumu, "Mwanangu, nyama gani hii?" Akajibu, "Ng'ombe mama, kachinjwa na Muislamu, kula kwa amani." Nikasema bismillahi. Nyama ilikuwa ya kawaida tu, lakini lile ganda, jamani! Linavunjika lenyewe mdomoni. Nikafungiwa moja nimpelekee mama mkwe Ujiji.

Mama mkwe wangu ni mtu mzima sana na meno hana. Tangu augue tumbo alikataa ugali, akakataa uji, hata mchuzi wa samaki wa mgebuka aliokuwa akiupenda akawa anausukuma. Tulishaanza kuangaliana kwa macho ya kukata tamaa. Ile pai alionja ganda, akalichovya kwenye chai, akalimaliza. Nyama akawapa wajukuu. Mume wangu alitoka nje akalia kwa furaha. Basi kila Ijumaa nikawa napitia pai, napanda bodaboda mpaka Ujiji. Miezi mitatu. Mama akaanza kunenepa mashavu, akaanza kuswali tena kwa kusimama.

Ijumaa ya juzi nikawahi kufika. Neema akaniita kwa mlango wa jikoni, "Pita shangazi, zinatoka sasa hivi." Nikaingia. Kwenye jiko kulikuwa na sufuria kubwa, mapande meupe yanaelea na kuyeyuka, harufu nzito inakaba koo. Pembeni juu ya meza kuna ngozi nene, bado ina vinywele vigumu vigumu. Nikauliza, "Hiki nini?" Mpishi mwenzake akacheka, "Kitimoto hiyo, mama! Yale maganda unayoyasifia yanakandiwa mafuta haya. Bila haya hayalainiki."

Ndugu zangu, nilitapika palepale mlangoni, mbele ya watu. Neema ananishika mgongo, namsukuma. Nikamwambia, "Umenilisha nguruwe mimi shangazi yako?" Akaanza kulia, "Shangazi, naapa sikujua kuwa mafuta nayo mnahesabu. Nyama ni ya ng'ombe kweli. Wewe uliuliza nyama!" Na ni kweli. Hakuna aliyenidanganya. Nimeuliza nyama, ganda sikuliuliza, na mama ganda ndilo alilokuwa anakula.

Nimesugua ulimi kwa chumvi na ndimu mpaka umechubuka. Nikifumba macho naviona vile vinywele. Vyombo vyangu nimeviosha mara saba, moja kwa udongo kama tulivyofundishwa madrasa. Nikaenda Ujiji kufanya hivyohivyo kwa siri kwenye kikombe cha mama, kumbe ananiangalia kutoka kitandani. "Wee mke mwenzangu," ndivyo anavyonitania, "mbona unakisugua kikombe changu kwa udongo, kimelambwa na mbwa?" Nikasema, "Ndiyo mama, mbwa wa jirani." Akasema, "Mungu akulipe mwanangu, wewe ndiye unayenilindia swala zangu." Nilitoka uani nikatapika tena, na safari hii sijui kama ni nguruwe au ni uongo wangu.

Najua aliyekula bila kujua hana dhambi. Lakini sasa mimi najua. Nilimwambia mama mgahawa umefungwa, na tangu siku hiyo hali kitu. Nimempelekea mkate wa kawaida, maandazi, chapati nimezilainisha kwa maziwa. Anaonja, anageukia ukutani. Jana mume wangu, ambaye hajui lolote, kanambia, "Nimepita pale mjini, pako wazi. Ijumaa namnunulia mama mwenyewe." Nikimwambia mume, hawezi kumficha mama yake, namjua. Na mama akijua kwamba nguvu alizosimamia kuswali zilitoka kwenye lile sufuria, naogopa hatatia tena kitu mdomoni, atakufa na kinyaa kifuani. Nikinyamaza, Ijumaa atalishwa tena na mwanawe wa kumzaa, mimi nikitazama.

Wenye wakwe wazee, na mashekhe mliomo humu, mwongozeni mama mwenzenu: nimwambie, au nibebe peke yangu? Leo ni Jumanne. Msinicheke, na tafadhali mnijibu mapema, kabla ya Ijumaa.