Asubuhi Pikipiki ya Baba Ilipogoma

Sisi tuliokulia Busia wakati wa Mwingereza, mpaka wa Kenya na Uganda tuliuona kama jambo la wakubwa. Tulicheza rede upande wa Uganda, mpira wa matambara ukarushwa ukaangukia Kenya, tukaufuata, na hakuna aliyetuuliza karatasi. Tulikunywa uji wa wimbi uliokamuliwa ndimu, tukala muhogo na omena, tukasugua visigino kwa jiwe kabla ya kwenda madrasa. Nywele tulisukwa kwa uzi mweusi, ukakazwa mpaka macho yanavutika.

Baba yangu, Mzee Ramadhani, aliuza kanga na vitambaa kwenye magulio ya Kisoko na Petta. Pikipiki yake ilikuwa ndogo, imekonda kama mbuzi wa kiangazi, lakini haikuogopa kilima wala tope. Alipoisafisha aliniita mimi, Hadija, kitinda mimba wake, nimshikie bisibisi. Aliniambia, "Injini ni kama mtu. Inataka chakula, inataka moto, na inataka kupumua. Pumzi inaingia huku, inatokea kule nyuma." Vijana wa leo wanabonyeza kitufe tu. Isipowaka, wanaikodolea macho kama ng'ombe aliyeona treni.

Nililala kitanda kimoja na dada yangu Zaituni. Ndiye aliyenisuka, ndiye aliyenisimulia hadithi za sungura mpaka nikasinzia. Basi ikaja barua: Zaituni aende Tororo, hospitalini, Jumatatu saa nne asubuhi, akahojiwa kwa mafunzo ya uuguzi. Akifaulu, abaki huko huko. Majirani walinong'ona kwamba binti kulala ugenini ni aibu. Baba akawajibu, "Aibu ni mama kufa akijifungua kwa kukosa mtu anayejua." Nyumba nzima ilifurahi isipokuwa mimi. Kila nilipoliona sanduku lake la bati pale mlangoni, nililigeuzia mgongo.

Jumapili, watu walipojinyoosha baada ya chakula cha mchana, nilichota udongo wa kichuguu, nikaulowesha, nikaukanda kama unga wa chapati. Nikaushindilia ndani ya bomba la moshi la pikipiki kwa gunzi la hindi, mpaka ukazama usionekane.

Kesho yake Baba alivaa kanzu na koti. Zaituni alikuwa na gauni la buluu alilolipiga pasi ya makaa mara mbili. Baba akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena, injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

"Mbona kiki imekuwa nzito leo?" akajiuliza.

Alitazama tangi, petroli ilikuwepo. Akafungua plagi, akaikuta imelowa, akaikausha na kuipiga msasa. Akaiweka juu ya chuma, akapiga kiki, cheche ya buluu ikaruka. Akaifungua kabureta na kuipuliza mpaka mashavu yakamuuma. Mama akamkimbilia Ochwo, fundi wa baiskeli, mtu wa Kisoko aliyekuwa na kibanda jirani. Wakaisukuma wawili chini ya mteremko, wakairudisha wakihema.

"Mzee, moto iko," akasema Ochwo, akijikuna kichwa. "Mafuta iko. Lakini yeye nakataa tu."

Basi la asubuhi lilikuwa limeshapita. Jua likapanda. Zaituni aliketi juu ya sanduku lake, mikono mapajani, hakulia. Aliponiona nimesimama kando ya ukuta, akaniita, akanipangusa uso.

"Usihuzunike, mdogo wangu," akasema. "Labda Mungu hakupanga. Nitabaki, nitaendelea kukusuka."

Ndilo neno nililolitaka, na lilinichoma kama kaa la moto. Nikamwendea Baba.

"Baba, haipumui."

"Nini?"

"Kule nyuma. Niliziba mimi, ili dada asiende."

Mama alishika mdomo. Ochwo akainama, akaingiza spoku ya baiskeli ndani ya bomba. "Lo! Mtoto najenga nyumba huku ndani!" Alichokoa, akachokoa. Baba akapiga kiki. Ukatoka mlio kama bunduki, donge la udongo likaruka likagonga sufuria ya Mama, kuku wakatawanyika, na injini ikanguruma.

Nilijikunyata nikingoja kofi. Baba akasema neno moja: "Panda."

Akaniweka mbele yake juu ya tangi, Zaituni nyuma na sanduku lake. Tulikwenda katika vumbi jekundu, mwamba wa Tororo ukizidi kukua mbele yetu. Tulipofika, sista mkuu, Mzungu mrefu, alikuwa akifunga daftari.

"Saa nne imepita," akasema.

Baba akanisukuma mbele. "Mweleze."

Nikaeleza yote, hata gunzi, huku machozi na kamasi vikinitoka. Kabla sijamaliza, Zaituni alikuwa amepiga magoti, ananipangusa pua kwa leso yake nyeupe ya safari. Sista alimtazama. Kisha akalifungua daftari.

"Ingia," akamwambia.

Tulirudi bila yeye. Njiani Baba alisimama, akanunua muwa, akanivunjia pingili. "Umekosa, kisha ukasema ukweli," akaniambia. "La kwanza usirudie. La pili usiliache." Hilo tu, wala hakulizungumza tena maisha yake yote.

Zaituni akawa mkunga, na wengi wenu mnaosoma haya, wa upande huu na wa ule, mikono yake ndiyo ya kwanza kuwagusa.

Siku hizi lami imefika, na Tororo si safari tena. Juzi mjukuu wangu aliondoka kwenda ng'ambo kusomea udaktari. Masikio yameziba kwa vile vidude vya muziki, akasema, "Baadaye, Bibi," gari likaondoka. Nilicheka peke yangu. Sisi tulikwenda maili ishirini tu na tukaagana kama watu wanaokwenda mwisho wa dunia. Hawa wanakwenda mwisho wa dunia kweli, na wanaaga kama waliotumwa chumvi dukani. Nakukumbuka kuaga kule kwa machozi, sikatai. Lakini wasichana wanakwenda, na sijasikia jirani hata mmoja akinong'ona.