Chakula cha Dubu

Usiku ule duara lilipofunga tulikaa juu ya mawe mpaka kukakucha, tukisubiri habari za Adam, mume wa binti yangu. Duara ndilo shimo lenyewe wanaloshukia kutafuta dhahabu, na likifunga maana yake udongo umeporomoka ukaziba njia. Wanaume walivuta ndoo kwa kamba, wakipokezana. Kila ndoo ilipopanda watu waliinua shingo, na kila mara ilikuwa mchanga tu.

Melania hakulia. Alikaa karibu na mdomo wa shimo kadiri walivyomruhusu, amejifunika blanketi aliloazimwa na Generosa, mama lishe wa pale machimboni. Lilikuwa moja ya yale mablanketi mazito ya Kichina yenye picha ya mnyama. Wengine walitazama shimo, mimi nilimtazama mwanangu, kwa hiyo picha ile ya mgongoni mwake niliitazama usiku kucha: mnyama mweusi, mnene, masikio madogo, hana mkia, amesimama kwa miguu miwili kama mtu. Nalitaja mapema kwa sababu baadaye kila mtu alikuwa na maelezo yake kuhusu mnyama huyo alikotoka, na hakuna aliyetaka kusikia habari za blanketi.

Adam hakutolewa. Udongo ulianza kushuka tena, wenye duara wakasema inatosha, wasije wakafa wengine. Mchungaji aliomba juu ya shimo lililozibwa, kisha tukarudi nyumbani Kharumwa bila mwili wa kuzika.

Mwanangu hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliponda mawe ya dhahabu kwenye makarasha, mitambo ya kuyasagia, tangu alipotoka shuleni, na mdomo wake ulikuwa ukifanya kazi kuliko nyundo. Hata Adam alimpata kwa matani. Adam alikuwa mtu wa Kishapu, kule kukavu, na siku ya kwanza tu alipoomba maji ya kunywa Melania alimwambia, "Mpeni kidogo kidogo, huyu hajawahi kuyaona mengi namna hii." Adam akajibu kwamba kwao maji ni machache ndiyo maana wanawake hawana muda wa kuchonga mdomo. Makarasha yote yalicheka. Mwaka haukuisha akaleta ng'ombe nyumbani kwetu.

Basi mtu wa namna hiyo akakaa nyumbani kwangu hasemi wala halali. Nikimwekea ugali anautazama. Zahanati walimpa vidonge, akalala, akaamka vilevile. Akina mama wa kanisani walikuja wakaomba mpaka wakapoteza sauti. Alikaa katikati yao kama gunia. Mimi nilikuwa nikimhesabia pumzi na kila mtu aliniambia nivumilie. Neno hilo nilifika mahali nikawa silitaki.

Ndipo wifi yangu Ritha alipoingia. Ritha ni mtu wa kundi la nungunungu, kama alivyokuwa kaka yake, marehemu mume wangu. Watu wa kundi hilo huingia kwenye mashimo ya nungunungu kwa tumbo, kamba imefungwa mguuni, wakamtoa mnyama akiwa hai na kucheza naye ngomani. Kiongozi wao, tunamwita ningi, ni Mzee Mayala. Usiku ule wa duara naye alikuja na kamba yake begani, akachungulia, akatikisa kichwa, akarudi. Nadhani Melania alikiona kile kichwa kikitikiswa.

"Wifi," Ritha aliniambia, "mtoto ameingia shimoni na mume wake. Anayejua kumtoa mtu shimoni ni nani? Mchungaji?"

"Mimi ni mtu wa kwaya, wifi. Nitaonekanaje?"

"Utaonekana mama wa mtoto aliyepona. Au kaa na kwaya yako umwimbie mazishi."

Nikamruhusu, kwa hasira. Sikuingia kwenye nyumba yao, ila nilikaa nje karibu na ukuta penye ufa, maana mwanangu siwezi kumwacha tu mikononi mwa watu. Walilala chini kwenye ngozi za mbuzi, wamefumba macho, wanaume kwa wanawake. Cornel, mpiga ngoma wao, akawa anapiga pigo moja tu, lile lile, harakaharaka, mpaka mimi mwenyewe nje pale nikajikuta nasinzia. Kila mtu, ngoma ikinyamaza, anasema ni mnyama gani amemjia. Na kwa kawaida ni nungunungu. Wakati mwingine muhanga, au ngiri. Vitu vya mashimoni, vya huku kwetu.

Zamu ya Melania ikafika. Nikaisikia sauti ya mwanangu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Ni mkubwa. Mweusi. Hana mkia. Yuko upande ule alipo Adam, na anachimba. Anachimba kumfuata."

Cornel akasema, "Huyo si muhanga aliyenenepa?"

"Anasimama kama mtu," Melania akasema.

"Kama mtu? Hana mkia?" Mwanamke mmoja akaingilia, "Jamani, huyo ni dubu! Yumo kwenye kitabu cha mwanangu cha shule. D, dubu."

Wakacheka. Sikuwalaumu sana, hata mimi nje nilikaribia kucheka. Lakini Melania aliinuka, akapita mbele yangu kama hanioni, akaenda nyumbani, akaingia chumba cha nyuma na kupiga komeo. Na blanketi la Generosa alikuwa nalo humo ndani.

Hapo ndipo taabu ilipoanza kweli. Maana kundi lina desturi yake. Mtu akishapata mnyama hujifungia naye. Kundi linakuja mlangoni na ngoma, linamletea mnyama chakula chake, na aliyemo ndani anafungua kwa mkono wake mwenyewe na kutoka. Akifunguliwa na mtu mwingine, wanasema, anayetoka ni mwili tu, mwenyewe anabaki ndani na mnyama. Melania alilijua hilo tangu utotoni. Basi akawa anasubiri chakula cha dubu. Maji aliyapokea dirishani usiku, nikayasikia yakimwagika kikombeni. Uji niliomwekea niliukuta umeganda.

Wakaja. Walileta mihogo, kikapu kizima, kama kwa nungunungu. Wakapiga ngoma mpaka watoto wa mtaa mzima wakajaa uani. Mlango haukutikisika.

"Amekataa mihogo," Mzee Mayala akasema.

"Baba, hajakataa mihogo," nikamwambia. "Hajala siku zote hizi. Mwanangu anakufa humo ndani kwa sababu ya picha ya blanketi! Nililiona mimi kwa macho yangu, alikuwa nalo mgongoni."

"Mama Melania, huyo nungunungu wangu mimi nilimwona kwanza kwenye sufuria ya mama yangu, anachemka na vitunguu. Kwani kwa hiyo si wangu?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Taabu yangu si alikotokea. Taabu ni kwamba simjui. Hana wimbo, sijui anakula nini. Nitamwita vipi mgeni nisiyejua hata chakula chake?"

"Kanisani nimesikia dubu akitajwa," nikasema. "Siku zote anararua watu."

"Basi tusimletee watu," Cornel akasema.

Nilimtukana Cornel. Mbele ya watu, mimi mtu mzima. Ritha akanishika mkono nikamsukuma. Kesho yake nikapanda gari kwenda Kahama.

Nilikwenda kwa Mama Narendra. Jina lake Jasumati, na nikiwa msichana nilifanya kazi nyumbani kwake, nikimpepetea mchele na kumsikiliza akisimulia kwao, kijiji kikavu huko India alikozaliwa. Sasa amezeeka, anakaa kwenye kiti nyuma ya duka la vitambaa la mwanawe, miguu imevimba.

"Shikamoo, Mama Narendra."

"Marahaba, Martina. Umekonda. Umekuja kununua nini?"

"Nimekuja kuuliza dubu anakula nini."

Alinitazama. Kisha akamwita mwanawe kwa sauti, "Narendra! Martina anataka dubu! Tunayo dubu?"

"Zimekwisha, mama," Narendra akajibu kutoka mbele, hajui hata anajibu nini.

Mama yule alicheka mpaka akakohoa. Lakini nilipomweleza aliacha. Akasugua goti. Akasema utotoni kwake dubu alikuwa akiletwa kijijini na mtu mwenye kamba na ngoma ndogo, akacheza uani, na akina mama walimleta mtoto mwenye homa apandishwe mgongoni mwa dubu ili homa ishuke.

"Na ilishuka?"

"Mara nyingine. Mimi nilipandishwa. Ananuka vibaya sana." Akakunja pua kana kwamba bado ananusa. "Yule wa kwetu anakula mchwa, Martina. Anabomoa kichuguu kwa kucha, anaweka mdomo, anavuta, fuuu, unasikia kutoka mbali. Na asali. Akipata asali humwondoi."

"Mchwa?"

"Mchwa, kumbikumbi, wote hao. Wala usitie chumvi. Ni mnyama."

Nilitamani kulia na kupiga mtu kwa wakati mmoja. Kumbikumbi! Mvua zilikuwa zimeanza, kila nyumba Kharumwa ilikuwa na beseni la kumbikumbi, na sisi tulikuwa tunambebea dubu mihogo. Pale sokoni nikachukua asali ya Ushetu, ile nyeusi, nikarudi. Njia nzima nilikuwa nikijisemea kama mwendawazimu.

Mzee Mayala alipoambiwa mnyama huyu anabomoa vichuguu, uso wake ulibadilika. "Mbona hamkusema ni mchimbaji mwenzetu?" Akakusanya watu. Nikakaanga kumbikumbi za jirani, nikazipepeta mbawa, nikaziweka kwenye bakuli na asali pembeni. Bila chumvi. Wakapiga ngoma, Ritha akaanzisha wimbo wa muhanga, naye mbomoa vichuguu, wakabadilisha maneno. Niliweka bakuli kizingitini kwa mikono yangu, mimi wa sauti ya kwanza kanisani, na majirani wakiona.

Mlango haukufunguka.

Wakapiga tena. Wingu likafunga, matone makubwa yakaanza, ngozi ya ngoma ikalegea. Cornel akasema ngoma ikilowa ni basi. Mmoja mmoja wakaondoka, wakikimbia na vichwa vimefunikwa. Mzee Mayala alikuwa wa mwisho. "Tumefanya la kufanya," akasema. "Labda mnyama huyo ni wa nchi za watu. Tutajaribu tena Jumapili."

"Jumapili nitakuwa na nini cha kuwaonyesha, Baba? Mifupa?"

Akajifunika kichwa akaondoka. Ritha alitaka kubaki nikamfukuza.

Nikaenda jikoni nikachukua shoka. Sikuwa na hasira na mwanangu. Nilikuwa na hasira na waliotoa ile kamba shimoni wakasema inatosha, na vidonge, na maombi, na ngoma, na blanketi, na mnyama asiyekuwa hata na adabu ya kula alichopikiwa. Kama desturi inasema atatoka mwili tu, basi nautaka huo mwili, niunyweshe uji. Wa Adam hatukuupata. Nikasimama mbele ya mlango, mvua inanipiga mgongoni, nikaliegemeza shoka chini nishike vizuri.

"Mayu." Ilikuwa sauti ya mwanangu akiniita mama kwa Kisukuma chetu, chini kabisa, kama amelala karibu na mlango. "Weka shoka mbali."

"Umelionaje?"

"Nauona mpini chini ya mlango."

"Fungua basi!"

Komeo halikusogea.

"Melania, nimekwenda mpaka Kahama kumuulizia mnyama wako chakula. Nimechekwa dukani. Nimemtukana Cornel. Kundi limekuja, limelowa, limeondoka. Unataka nini kwangu tena?"

Mvua ilikuwa ikiingia kwenye bakuli. Nikainama kulisogeza chini ya upenu, na nikiwa nimeinama vile, mdomo wangu karibu na ule uwazi wa chini, nikauliza kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza, si Mchungaji wala ningi wala mimi.

"Bado anachimba?"

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Ameacha," akasema. "Tangu jana. Amefika mahali mwamba mtupu, akachimba mpaka kucha zikamtoka damu. Amechoka, mayu. Amekaa tu."

"Hakumfikia?"

"Hakumfikia."

Ndipo akaanza kulia. Kilio chenyewe, cha msiba, kile tulichokingoja pale kwenye mawe. Nilikaa chini kwenye tope nikaliachia shoka. Nilimwacha alie, nami nikalia, mvua ikatufunika kelele. Kilipopungua nikajipangusa na khanga.

"Basi mwambie chakula kipo," nikasema. "Kinalowa."

Komeo likasogea, likakwama, likasogea tena. Mlango ukafunguka. Alikuwa ameshika ukuta, macho yamekuwa makubwa, blanketi la Generosa mabegani. Harufu ya chumba ilinipiga usoni. Akakaa kizingitini polepole kama bibi kizee, akachota kumbikumbi kwa vidole, akachovya kwenye asali, akatafuna muda mrefu.

"Hazina chumvi," akasema.

"Dubu hali chumvi!" nikamjibu, na nilikuwa nimekasirika kweli. Kisha nikainuka kwenda jikoni kuifuata.